Komeo la Nje

Ukifika mtaa ule na mlango wako umeliwa na mchwa, uliza fundi. Utaambiwa, "Mtafute Komeo, ila jiandae kusikiliza." Na kweli, kabla hajatoa futi mfukoni atakuwa amekwisha kukusimulia ujinga wake wote kwa mpangilio, bila kuruka hatua. Jina la Komeo hakupewa na wazazi. Wazazi walimpa jina la babu yake, jina zito la mtu mwenye heshima zake, na siku hizi jina hilo linakaa kwenye kitambulisho tu, halitoki nje. Hili la Komeo alilipata mchana kweupe, mbele ya mashahidi, na anayelitangaza kuliko wote ni yeye mwenyewe. "Watu watanicheka tu," husema. "Afadhali nianze mimi, maana mimi ndiye ninayejua pa kuanzia."

Basi na tuanze anapoanzia yeye.

Zamani, kabla nywele hazijamkimbia, Komeo alikuwa mchukuzi wa mizigo sokoni. Mkewe alikuwa amefariki na kumwachia binti mdogo, meno ya mbele ndiyo kwanza yanang'oka. Marafiki wawili wakamjia na mpango wa kuingia duka la vifaa vya ujenzi siku ya mapumziko, mwenyewe akiwa hayupo. Ukimwuliza Komeo kama walimshawishi, atakuambia hapana, alikubali kabla hawajamaliza kusema. Akapewa kazi moja tu, kwa sababu hata wenzake walimjua vizuri: kushika mlango. Mlango ule ulikuwa na kitasa kibovu, ukiuachia unajifunga wenyewe, na ukishajifunga ndio basi. Komeo akaushika. Wale wawili waliposikia kelele wakapitia dirisha la nyuma, wakatokomea. Yeye hakuambiwa aache, kwa hiyo hakuacha. Mwenye duka alipofika na majirani alimkuta amesimama wima, mkono kwenye mlango, na Komeo, kwa adabu aliyofunzwa na mama yake, akampisha na kumwambia, "Karibu."

"Nilikuwa bawabu wa wezi," husema. "Ndiyo maana uzeeni nimehukumiwa kuhangaika na bawaba."

Wateja hucheka hapo, naye huwaacha wacheke mpaka wamalize. Kuna kipande kimoja tu ambacho hakitilii utani. Mmoja wa wale wawili alimpiga mlinzi wa duka kwa nondo, na mkono wa mlinzi yule haukurudi kuwa kama zamani. "Huyo simcheki," husema Komeo, kisha hupuliza vumbi la mbao kwenye randa, ndipo huendelea. Kifungo kilikuwa kirefu, na anasema kilimstahili.

Alipofunguliwa, binti yule wa meno yanayong'oka alikuwa fundi cherehani anayeshona nguo za maharusi. Alikuwa amelelewa na mama yake mdogo, ambaye naye alifariki na kumwachia nyumba ndogo: chumba cha mbele alichokigeuza kuwa cha kushonea, chumba chake cha kulala, na chumba cha nyuma. Komeo akawa anakwenda kumwona kila Jumapili. Alikaa kwenye benchi la wateja, akanyweshwa chai, wakazungumzia mvua na bei ya uzi, kisha akaaga. Hakuwahi kuvuka pazia la kuelekea ndani. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yake Komeo alijifunga mwenyewe: alihakikisha kila safari anakaa pale pale kwenye ncha ya benchi karibu na mlango, asije akaonekana amezoea.

Tatizo la binti yule ni pini. Mshonaji akiwa kazini huzibana pini midomoni, na mtu mwenye pini midomoni hasemi. Komeo hakuwahi kujua kama mwanawe amenyamaza kwa hasira au kwa pini. Aliogopa kuuliza, maana angeuliza huenda pini zingetolewa.

Kuna chuo cha ufundi kilikuwa kimefungua darasa kwa ajili ya watu wazima waliotoka gerezani. Asubuhi walifundishwa hesabu na kusoma michoro, mchana wakaingia karakana. Kulala na kula vilikuwa juu ya chuo mpaka mtihani wa mwisho. Baada ya mtihani, bweni linafungwa na kila mtu anashika njia yake. Komeo alichagua useremala, na alipoulizwa sababu alisema yeye na milango wana kesi ambayo haijaisha. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema, na Komeo wakati huo alikuwa amekwisha kukauka na kutiwa chumvi, lakini waliamua kumkunja hivyo hivyo.

Siku ya kwanza alifika mapema akasimama mbele ya mlango wa darasa, mikono nyuma, juani. Mwenzake mmoja akaja akamkuta, akasimama nyuma yake. Akaja mwingine. Mwalimu alipotokea, alikuta mstari mzuri ulionyooka wa wanaume wazima, jasho likiwatoka, wote kimya.

Mwalimu alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kupasua mbao, penseli ameichomeka kwenye kitambaa cha kichwa. "Mnasubiri nini hapa?" aliuliza.

"Tunasubiri kufunguliwa, afande," alijibu Komeo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mbele.

Mwalimu aliutazama mlango, akamtazama yeye. "Mzee, mlango haujafungwa. Sukuma."

Komeo akasukuma. Mlango ukafunguka. Anasema hajawahi kuaibishwa na kipande cha mbao namna ile, na mbao zimemwaibisha mara nyingi tangu hapo. Wakaingia wakakaa. Mwalimu akaanza kuita majina, na kila aliyeitwa akashuka kwenye kiti na kuchuchumaa sakafuni, maana huko walikotoka hesabu ya wafungwa hupokelewa kwa kuchuchumaa. Mwalimu akaita mpaka mwisho, halafu akagundua kwamba hamwoni mtu hata mmoja juu ya madawati. Akasema kwa sauti ya chini, "Jamani, kaeni kwenye viti. Hapa hakuna hesabu. Nataka tu kuwajua majina." Na tangu siku hiyo hakuita tena majina. Aliingia na kuwasalimu mmoja mmoja.

Usidhani Komeo alikuwa hodari darasani. Stuli yake ya kwanza ilikuwa na miguu minne, na ni mitatu tu iliyokuwa ikielewana. Mwalimu hakuitupa. Aliiweka kwenye kona ya karakana iwe mfano kwa wengine, na mpaka leo, anasema Komeo, ndiyo kazi yake iliyoonwa na watu wengi zaidi. Pembe mraba zilimpiga chenga mvua mpaka kiangazi. Kulikuwa na somo la kuzungumza na wateja, ambapo mwanafunzi mmoja alijifanya fundi na mwingine mteja. Komeo alipopewa zamu ya fundi, mteja wake alimwuliza kabati litakuwa tayari lini, naye akajibu, "Nitakapopewa ruhusa, afande." Mwalimu alikaa chini akashika kichwa.

Lakini siku iliyokuja kumponza ilikuwa ile ya kuchora. Mwalimu aliwaambia wachore mlango, mlango wowote, wa nyumba ya kuishi mtu. Walichora kwa bidii, ndimi nje. Alipokusanya karatasi akaanza kucheka, kisha kicheko kikamwishia. Kila mlango ulikuwa na kitundu cha kuchungulia, usawa wa macho, chenye kifuniko kinachofunguliwa kwa nje. Darasa zima, bila mtu kumtazama mwenzake. Komeo naye alikuwa amekichora chake, kwa vipimo.

Hapo Komeo akajipiga kifua moyoni. Akaapa kwamba vitundu amevimaliza. Kila alipochora mlango baada ya hapo alikagua mara mbili, juu chini, kuhakikisha hakuna kitundu, na asipokiona alijisifu kwamba sasa gereza limemtoka. Wengine walikuwa bado wanakosea, naye akawa anawasahihisha kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufaulu. Anapofika hapa katika kusimulia, Komeo hutikisa kichwa. "Mtu anayejisifu kwamba ametoa jiwe kiatuni," husema, "mwangalieni vizuri, huenda kavaa kiatu cha mwenzake."

Mtihani wa mwisho ulikuwa hivi: kila mwanafunzi atafute mtu mwenye shida ya mlango, atengeneze mlango kwa mikono yake, aupachike penye nyumba yenyewe, na mtahini kutoka nje ya chuo aje kuukagua hapo hapo. Karakana moja ya samani ilikuwa imeahidi kumchukua Komeo, kwa masharti kwamba awe na cheti. Hilo alilitangaza kwa kila mtu. Ambalo hakulitangaza ni kwamba bweni likifungwa hana pa kulala. Mwalimu alipomwuliza atakwenda kuishi wapi, alisema kwa binamu yake. Binamu huyo hakuwepo. Komeo alimzaa pale pale, akampa na nyumba ya bati na mke mkarimu, na kadiri siku zilivyokwenda akawa anamzidishia mambo, mpaka Mwalimu akauliza kama binamu huyo hahitaji fundi wa kumsaidia kupaua. Ukweli ni kwamba Komeo hakuwa na mbele wala nyuma.

Ungesema, si amwombe binti yake? Ndivyo Mwalimu naye angesema, kama angejua. Lakini Komeo aliona kwamba mtu aliyemwacha mtoto na pengo mdomoni hana uso wa kurudi kumwomba pa kulala. Kuomba kazi aliweza. Kwa hiyo Jumapili moja alipiga moyo konde.

"Mwanangu," alisema, "chuo kinataka nimtengenezee mtu mlango. Bure. Kama unao unaokusumbua."

Binti alikuwa anapinda upindo wa gauni jeupe, pini tele midomoni. Aliendelea kupinda. Komeo alihesabu kwamba ameharibu, akaanza kutafuta kofia yake. Binti akatoa pini moja. "Chumba cha nyuma," alisema. "Hakina mlango. Kina pazia tu."

Akanyanyuka, akasogeza pazia la kuelekea ndani, akamwonyesha. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Komeo kuvuka. Chumba cha nyuma kilikuwa kidogo, kina dirisha moja, kimejaa majora ya vitambaa, mabaki ya nguo kwenye viroba na cherehani ya zamani iliyokufa. Komeo alitoa futi, akapima miimo na kizingiti, akaandika kwenye kiganja. Hakuuliza chumba ni cha nini. Macho aliyokuwa nayo yalimwambia ni stoo, na kwa furaha ya kuwa ndani ya nyumba ya mwanawe, hata angeambiwa ni banda la kuku angeshukuru.

Mlango ule aliutengeneza kama mtu anayeomba msamaha na hajui maneno. Alichagua mbao zisizo na jicho wala fundo. Alizipiga randa mpaka Mwalimu akamwambia ataishia kuwa na karatasi. Zile pembe mraba zilizomtesa zikakubali. Alipiga msasa, akapitisha kiganja, akapiga tena. Usiku mwingine alilala na gundi imemganda vidoleni. Wenzake wakamtania kwamba anatengeneza mlango wa ikulu, na yeye akajibu kwamba hapana, wa ikulu angeulipua tu harakaharaka.

Siku ya mtihani alifika kwa binti yake na mkokoteni, mlango umefunikwa shuka. Mwalimu alikuja naye. Binti alikuwa kazini, gauni la mtu liko juu ya meza, pini midomoni kama kawaida, akawaitikia kwa kichwa. Chumba cha nyuma kilikuwa kimefagiliwa. Majora yametolewa, viroba havipo, cherehani iliyokufa imeondolewa. Limebaki furushi moja kubwa lililofungwa kwa shuka ya maua, limeegemezwa ukutani. Komeo alifurahi kwamba amepewa nafasi ya kufanyia kazi. Akaweka randa juu ya lile furushi, akaegemeza na mlango, akaanza.

Alipachika bawaba, mlango ukakaa. Akausukuma kwa kidole, ukaenda taratibu, ukagusa fremu, ukatulia bila kelele. Machozi yalimlenga, akasingizia vumbi. Akapachika na komeo, kubwa la chuma, akakaza skrubu kwa bisibisi mpaka zikazama sawasawa. Akarudi nyuma akatazama. Kitundu hakikuwepo. Akakagua tena, juu chini. Hakuna kitundu. Akaridhika na nafsi yake kupita kiasi.

Mtahini alikuwa mwanamume mrefu, mkavu, mwenye pima maji kwapani. Alipima fremu. Alitazama viungo kwa kuinamisha kichwa. Alipitisha kiganja kwenye mbao kama Komeo alivyokuwa akifanya, na Komeo akaona uso wake unalegea. "Kazi safi," alisema mtahini. Kisha akaingia chumbani ili akague upande wa ndani, akaurudisha mlango.  Halafu sauti ikatoka ndani, ya mtu asiyetaka kuamini anachokiona.

"Fundi, na mimi niliye humu nafungia wapi?"

Mwalimu alifumba macho. Komeo alitazama mlango wake. Komeo alitazama komeo. Lilikuwa limekaa vizuri, limenyooka, skrubu zote zimezama, upande wa nje. Alikuwa amelipachika mahali ambapo makomeo yote ya maisha yake yalikuwa yakikaa, bila kufikiri, jinsi mkono unavyokwenda mdomoni gizani. Mazoea yana taabu. Alikuwa anawinda kitundu siku zote hizo, na gereza lilikuwa limekaa kwenye bisibisi likimsubiri.

Mfa maji haishi kutapatapa. Mtahini alipotoka, Komeo alikuwa amekwisha kupata jibu.

"Ni stoo," alisema. "Stoo ya vitambaa, bwana mkubwa. Na stoo hufungwa kwa nje. Nani atalala na majora?"

Mtahini akafikiri. Lilikuwa jibu lenye akili, Komeo mwenyewe alilishangaa. "Kama ni stoo, ni sawa," alisema mtahini. "Nilidhani ni chumba cha kulala. Stoo kweli hufungwa nje." Akageuka kwa binti, aliyekuwa amesimama mlangoni na gauni mkononi. "Mama, wewe ndiye mwenye nyumba. Hiki chumba ni stoo?"

Komeo alimtazama mwanawe. Hakuthubutu kusema, lakini macho yake yalipiga magoti. Alikuwa anaomba neno moja tu, ndiyo, na cheti ni chake, na kazi ni yake, na mengine atajua mbele ya safari, hata akalale kwa yule binamu wa kubuni.

Binti akaanza kutoa pini. Alizitoa moja moja, bila haraka, kila moja akaichomeka kwenye kimto kilichofungwa mkononi mwake. Komeo hakujua zilikuwa nyingi kiasi hicho. Alipomaliza alipangusa midomo.

"Si stoo," alisema.

Komeo alishika fremu ya mlango wake. Akawaza kwamba hivi ndivyo ilivyo haki, mtoto uliyemwacha ndiye anayekuja kutoa ushahidi.

"Ni chumba cha kulala," aliendelea binti. "Cha baba yangu. Nilitoa vitambaa juzi. Godoro lake lile pale, hata shuka sijaifungua. Ameweka randa juu yake."

Wote waligeuka wakatazama lile furushi. Komeo naye akatazama. Lilikuwa godoro, jipya, na juu yake kulikuwa na randa na vumbi la mbao na alama ya kona ya mlango pale alipouegemeza.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Komeo ilikuwa fupi kuliko zote alizopata kusikia. Alifungua mdomo atie neno la mzaha, maana mzaha ndio uliomlea huko alikotoka, lakini hakulipata. Akasema tu, "Mwanangu, mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unakimbilia mlangoni kila ukija," alisema binti. "Nikajua nikikuambia mapema utapata sababu ya kukataa. Na nilikuwa nimekukasirikia, baba. Bado nimekukasirikia. Lakini utalala wapi?"

"Si ana binamu," alisema Mwalimu taratibu. Kisha akamtazama Komeo usoni, akaelewa, hakumtaja tena binamu huyo.

Mtahini alikohoa. Alisema kwamba kwa chumba cha kulala komeo la nje ni kosa, tena kubwa, kwa kuwa mtu anaweza kufungiwa. Kosa likirekebishwa kabla yeye hajaondoka, alama zinapungua lakini mtu hafeli. Akauliza kama fundi bado ana bisibisi.

Komeo alikuwa nayo. Alifungua skrubu moja moja, mbili zikamdondoka, binti akamwokotea. Mwalimu akashindwa kuvumilia. "Mzee, ulikuwa unafikiria nini?"

"Sikufikiria, Mwalimu. Ningefikiria ningekosea mahali pengine," alijibu, na sasa mzaha ulikuwa umerudi, ingawa na machozi. "Nimesikia watu wakihukumiwa na hakimu. Mimi nimekata mbao, nimepiga msasa, nimejifungia mwenyewe." Mtahini, mkavu yule, alicheka mpaka pima maji ikamdondoka. Na ni yeye aliyesema, huku akijifuta macho, kwamba tangu kuanza kazi ya kutahini hajapata kumwona fundi komeo wa namna hii. Jirani aliyekuwa chumba cha mbele akisubiri gauni lake alilisikia jina hilo, akaenda nalo, na kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa nalo. Matundu ya skrubu Komeo aliyaziba kwa gundi na unga wa mbao. Ukienda leo bado utayaona, na ukichelewa kuyaona atakuonyesha mwenyewe.

Komeo lilipokwisha kupachikwa upande wa ndani, mtahini alisema, "Ingia, ufunge, tuone."

Komeo akaingia. Akarudisha mlango, akasukuma komeo, likaingia mahali pake kwa mlio mdogo. Nje mtahini akasukuma kwa bega. Mlango haukutikisika. "Umefaulu," ilisema sauti. "Basi, tumemaliza."

Komeo alisimama. Alirudi nyuma hatua moja, akaweka mikono nyuma, akanyoosha shingo, akaukabili mlango. Alisikia Mwalimu anaaga, mkokoteni unasogezwa, watu wanacheka chumba cha mbele. Aliendelea kusimama. Aliona ni ajabu wanavyochelewa, lakini hakulalamika. Huko alikotoka mtu halalamiki, anasubiri, na yeye alikuwa hodari wa kusubiri. Chumba kilikuwa na mwanga wa dirisha moja, na harufu ya mbao mpya, na godoro lake.

Halafu akasikia nyayo za mwanawe zinakuja, zikasimama upande wa pili. Aliunyoosha mgongo zaidi. Mlango ukagongwa, polepole, kwa kidole.

"Hodi," ilisema sauti.

Komeo alipigwa na butwaa. Miaka yote ile milango ilikuwa inafunguliwa bila yeye kuulizwa, usingizini, akila, akivaa, na hakuna aliyewahi kumpigia hodi. Alisubiri mlango ufunguke. Haukufunguka.

"Hodi, baba," alirudia binti. Kisha sauti ikashuka, ikawa ya mtoto mdogo aliyegundua jambo. "Baba, komeo liko kwako."

Komeo alilitazama. Akanyoosha mkono, akalivuta, akaufungua mlango mwenyewe mpaka mwisho, akasimama kando kumpisha.

"Karibu," alisema.